Njoo Uione Gari Ikiwa Baridi

Leo sina video. Leo ni maandishi tu, manake hii stori nikiisema mbele ya kamera nitacheka mahali ambapo sifai kucheka.

Nataka kuongea na mtu mmoja. Wewe uliyeambiwa uende ukaone gari Jumamosi saa nane mchana. Umeweka pesa miaka miwili, umekopa kidogo kwa chama, ushaanza hata kuwaza rangi ya viti. Mpigie muuzaji saa hii umwambie saa nane huji. Mwambie utakuja saa kumi na mbili asubuhi, kabla gari haijawashwa. Akikubali, endelea kusoma ujue cha kuangalia. Akianza kukupa sababu, basi nusu ya kitu ulichotaka kujua ushakijua.

Mimi nilienda saa tisa mchana. Ndo maana naandika.

Mnaonifuata mnajua kwetu ni Mtopanga, Kisauni. Mnajua pia niliacha chuo mwaka wa pili, hilo nilishasema hapa. Nisichowahi kusema ni kwamba mamangu alikuwa wa mwisho kujua. Kwa miezi nilikuwa natoka nyumbani asubuhi na mkoba mgongoni kama mwanafunzi, nashuka Bamburi, nashinda kwa rafiki yangu nikikata video. Karo aliyonipa nikaiweka. Kichwani nilikuwa na mpango: ninunue gari ndogo, siku za wiki binamu yangu aifanyie teksi, wikendi nizunguke nayo Kilifi na Watamu nikitengeneza kontenti. Pesa zikianza kuingia, nimkalishe mama chini nimwambie ukweli nikiwa na kitu mkononi.

Mama huuza mahamri na mbaazi mlangoni petu. Nilipomwambia nataka gari ya biashara "huku naendelea na masomo", alienda kwa chama chake akakopa shilingi 120,000. Mahamri ni mahamri. Hesabu mwenyewe ni mangapi hayo.

Kwa hivyo pesa za ile gari zilikuwa na uongo ndani yake kabla gari yenyewe haijapatikana. Weka hilo akilini, nitalirudia.

Saa tisa mchana

Ilikuwa Julai. Gari tuliiona upande wa Nyali. Aina siitaji, manake kosa si la kiwanda. Injini yoyote ikinyimwa oili nzuri kwa miaka itaishia palepale. Ni gari ndogo ya Kijapani ya milango mitano, cc 1300, namba ya KB, bei 310,000. Binamu yangu alinisindikiza, na muuzaji akawa anaongea na yeye tu, mimi mwenye pesa nimesimama kando kama mzigo. Mimi niliambulia neno moja: "Dada, hii ilikuwa ya mama mmoja hivi. Kazi yake sokoni na nyumbani, basi."

Tulipofika, gari ilikuwa inaunguruma. "Nilikuwa naisogeza kivulini," akasema. Nikaweka mkono kwenye boneti, ikanichoma. Nikajiambia, jua leo ni kali. Tukafungua ndani, injini inang'aa kama sahani ya harusi. Tukaendesha hadi Bombolulu, tukarudi. Moshi hakuna hata chembe. Nikapiga picha nikiwa nimeshika ufunguo, na picha ile mliipenda kuliko kitu chochote nilichokuwa nimeweka mwaka ule.

Sasa angalia. Injini ilikuwa imewashwa kabla hatujafika. Boneti ilikuwa moto. Injini ilikuwa safi kupita umri wake. Kila moja peke yake si hatia, watu huosha magari na watu husogeza magari. Lakini zote tatu kwa pamoja, ilifaa niulize. Sikuuliza, manake nilikuwa nishaipenda.

Asubuhi ya kwanza

Kesho yake saa kumi na moja na nusu nikaamka niende nayo Kilifi mapema. Mama alikuwa ashaamka zamani, karai liko motoni, wateja wa kwanza washafika: watu wa boda na watoto wa shule. Nikapiga stata.

Likatoka wingu la buluu. Si moshi kidogo, wingu. Likatambaa uani likaingia jikoni, harufu kama mafuta ya kukaangia yaliyosahauliwa motoni. Mtoto mmoja akafunika hamri lake kwa kiganja. Baada ya kama nusu dakika moshi ukaisha, na gari ikatulia kama haijafanya kitu.

Mama akatoka na kijiti chake cha kugeuzia mahamri. Hajawahi kumiliki hata baiskeli, lakini moshi anaujua, amepikia kuni na makaa maisha yake yote. Akaniambia, "Mwanangu, hiyo gari yaunguza kitu kisichofaa kuunguzwa."

Nikamwambia ni kawaida, gari zikiamka huwa hivyo. Uongo ukishaanza, wajua, huwa unazoea.

Fundi hakutaka kuiwasha

Kuna fundi mmoja mzee ana gereji chini ya mwarobaini upande wa Kiembeni. Nilimpelekea gari mchana. Akakataa kuigusa. "Iache hapa ilale," akasema. "Gari iliyotoka barabarani ni kama mtu aliyeoga akavaa. Mimi nataka kuiona ikiamka."

Alfajiri nilikuwa pale. Akanipa darasa ambalo sikuwahi kupata chuoni, na nalitoa hapa kama alivyonipa, pamoja na yale niliyoyasoma baadaye.

Kwanza, usisimame mbele. Watu wote tunaenda kuona gari tunasimama mbele, pale kwenye uso. Mtu mwingine apige stata, wewe simama nyuma kwa pembeni, macho kwenye egzosi. Angalia rangi, nusa kutoka mbali, na hesabu muda. Rangi inakwambia nini kinaungua. Muda unakwambia kama ni jambo la kawaida au ni ugonjwa. Iache iungurume yenyewe dakika tano, halafu apige resi taratibu, aachilie, apige tena.

Mweupe mwepesi unaopotea. Huu mara nyingi si moshi, ni maji. Kila lita ya petroli ikiungua hutoa karibu lita nzima ya maji kwa umbo la mvuke. Egzosi ikiwa baridi, mvuke unageuka matone. Ndo maana unaona gari nzima kabisa inadondosha maji nyuma asubuhi. Usiogope. Lakini kumbuka tuko wapi. Mtu wa Limuru ataona mvuke mweupe karibu kila asubuhi ya Julai kwa sababu ya baridi. Huku kwetu, hata mwezi huo asubuhi huzunguka nyuzi 20 hivi, kwa hivyo mvuke huo ni mchache na hupotea upesi. Ukiona Kisauni gari inatoa wingu jeupe dakika kumi na jua lishatoka, usikubali kuambiwa ni baridi.

Mweupe mzito usiokwisha. Hapo ni maji ya kupozea injini yanaingia mahali pa kuungulia. Harufu yake ina utamu fulani kama kuna kulanti. Mara nyingi ni gasketi ya hedi imeungua, au hedi yenyewe ina ufa. Angalia maji ya radieta kama yanapungua bila kuvuja chini. Fungua kifuniko cha oili: ukiona rangi ya chai ya maziwa, shuku. Utando mdogo chini ya kifuniko waweza kuwa unyevu tu wa gari inayotembea safari fupi, lakini chomoa na kijiti cha kupimia. Oili yote ikiwa na rangi hiyo, funga boneti uende nyumbani. Na kifuniko cha radieta usikifungue injini ikiwa moto. Maji yale yana presha na yatakuunguza uso. Kwa gari ya dizeli, moshi mweupe unaowasha macho waweza pia kuwa dizeli ambayo haikuungua, shida ikiwa plagi za kupasha moto au nozo.

Mweusi. Mafuta ni mengi kuliko hewa. Huu ndo mara nyingi wenye nafuu. Eya filta imeziba, nozo inavuja, au sensa inadanganya kompyuta ya gari kwamba injini bado baridi, basi inazidi kumiminiwa mafuta. Pitisha kidole ndani ya mdomo wa egzosi kabla gari haijawashwa. Masizi makavu meusi, ni mafuta. Utando mweusi wenye ute, huo ni oili, na hapo tumeingia kwenye rangi yangu.

Buluu. Oili ya injini inaungua. Hapa ndo fundi alinikalisha kwenye ndoo, manake buluu ina nyakati tatu na kila wakati una maana yake.

Ikitoka asubuhi tu kisha ikaisha, shuku sili za vali. Vali ziko juu kwenye hedi, kule kunakomiminika oili. Kila vali ina kijiraba chake cha kuzuia oili isishuke. Kijiraba kikikauka kwa joto na miaka, usiku kucha oili inateremka tone kwa tone. Asubuhi ukipiga stata, yote iliyojikusanya inaungua kwa pamoja. Ndo maana muuzaji akiiwasha kabla hujafika, ushahidi ushakwenda na upepo.

Ikitoka ukiachilia mafuta kwenye mteremko halafu ukakanyaga tena, bado ni sili au njia za vali, manake ukiachilia injini hunyonya kwa nguvu na oili inavutwa kutoka juu.

Ikitoka ukikanyaga, gari ikiwa na mzigo au inapanda, shuku ringi. Pistoni huwa na ringi tatu. Mbili za juu huzuia nguvu isivuje kwenda chini, ya tatu hukwangua oili isipande juu. Zikilika au zikikwama kwa uchafu, oili inapanda na nguvu inashuka.

Kuna sababu nyingine ndogo za kuangalia kwanza kwa kuwa ni za bei rahisi: oili iliyojazwa kupita kiasi, au vali ya kupumulia ya injini iliyoziba. Gari yenye tabo, sili za tabo pia huvujisha. Fundi anayekwambia ovaholi kabla hajaangalia vali ya kupumulia, mshukuru uende kwa mwingine.

Na kuna usio na rangi. Kaboni monoksaidi haionekani, hainuki, na inaua. Kwa hivyo gari usiipime ndani ya gereji iliyofungwa, na usipashe injini dirishani kwa watu waliolala. Isitoshe, mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kwa hivyo kusimama nyuma si kuweka pua kwenye bomba.

Hukumu

Mimi niliomba iwe sili. Ile ya asubuhi inaisha, si ndio? Fundi akaniuliza, "Na ukipanda daraja la Nyali?" Nikanyamaza. Nilikuwa nishaona kwenye kioo, nyuma yangu buluu, na matatu inanipigia honi. Na kwa wiki mbili nilikuwa nishaongeza oili karibu lita nzima.

Akaangalia vali ya kupumulia, iko sawa. Akafungua plagi nne. Mbili kavu, mbili zina oili mbichi. Akaweka geji ya kupima kompreshoni kwenye kila silinda. Mbili za kwanza zikasoma 175 na 170. Mbili za mwisho, 110 na 105. Halafu akafanya kitu ambacho kila mtu anayenunua gari afaa kukijua: akamimina kijiko kidogo cha oili kwenye zile silinda dhaifu, akapima tena. Zikapanda hadi karibu 150.

"Umeona?" akasema. "Oili imeziba pale ringi zinapovujisha. Ingekuwa vali, geji isingepanda."

Ovaholi, pamoja na ringi, gasketi, sili na kazi yake: 78,000. Mimi kwa simu nilikuwa na elfu tatu na kitu.

Utaniuliza, si serikali hukagua? Hukagua. Kiwango cha KS 1515:2000 kinakataza gari kuukuu ya zaidi ya miaka minane kuingia nchini, na gari hukaguliwa kule inakotoka kabla ya kupakiwa melini. Uganda jirani, tangu 2018, mpaka wao ni miaka kumi na tano. Lakini miaka minane ni umri wa siku ya kushuka Kilindini. Gari yangu ilishuka ikiwa nzuri, halafu ikakaa Kenya miaka mingine zaidi ya kumi, kwa wenye kubadilisha oili na wenye kuongeza tu. Namba ya KB haikwambii ilikuwa kwa yupi. Moshi wa asubuhi unakwambia.

Ratiba

Dalali mmoja aliposikia shida yangu akanionyesha njia, bila aibu, kama anayenifundisha kupika. Weka oili nzito pamoja na ile dawa ya kupunguza moshi. Osha injini, ing'arishe. Mnunuzi akikaribia, iwashe dakika ishirini. "Na usiuze asubuhi," akasema. "Gari kama hii huuzwa alasiri."

Hapo ndo nikaelewa kwamba saa tisa yangu kule Nyali haikuwa saa ambayo muuzaji ana nafasi. Ilikuwa ratiba.

Na mimi, mliyeniona hapa nikiongea habari za ukweli na kujiamini, nikaifuata ratiba ile. Hatua kwa hatua. Nikatangaza 300,000. Akanipigia kijana mmoja wa boda kutoka Utange. Aliwahi kuanguka na pikipiki, mguu haujarudi sawa, amekusanya pesa miaka minne aache kuendesha mvuani. Nikamwambia njoo saa tisa.

Saa nane na dakika arubaini nikapiga stata. Moshi ukatoka, ukaisha. Saa tisa akafika. Hakuangalia egzosi. Hakuuliza habari ya oili. Alikuwa anatabasamu tu. "Dada, wewe nakujua," akasema. "Nakufuatilia. Hata mke wangu nimemwambia, huyu hawezi kutuuzia takataka." Akaweka mkono kwenye boneti, akautoa haraka, akacheka. "Jua leo ni kali."

Yale yale. Neno kwa neno, niliyojiambia mimi.

Sijui ningefanya nini kama angesema kitu kingine. Nataka kusema ningemwambia tu, lakini sina uhakika. Nilimwambia, "Kaka, hilo si jua." Halafu nikamwambia arudi kesho saa kumi na mbili asubuhi, na mimi gari sitaigusa.

Alirudi, na mkewe. Nikampa yeye mwenyewe ufunguo. Wingu likatoka lile lile, likaingia jikoni lile lile. Nikawaambia kila kitu: ringi, geji, 110 na 105, oili nzito, dakika ishirini. Mkewe alikuwa ananiangalia mimi, gari hakuiangalia kabisa. Akauliza, "Na wewe ulikubali vipi kuinunua?"

Nikajibu kwa sauti, na mama yuko hatua tano, kwamba nilikuwa na haraka. Kwamba nilikuwa nimeacha chuo na sijasema nyumbani, na karo iko ndani ya hiyo gari, na nilitaka iwe nzuri upesi kabla sijaulizwa.

Mama hakupiga kelele. Aliwafungia wale wageni mahamri manne na mbaazi, akakataa pesa yao. Mimi akaniambia, "Wewe, twaongea jioni."

Jioni aliuliza swali moja, tangu lini. Nikamwambia tangu Januari. Tulikuwa Septemba. Akakaa kimya, halafu akasema, "Miezi minane nakufungia mahamri ya njiani."

Hiyo ndo sentensi siwezi kuisema mbele ya kamera.

Nimefikiria sana jambo hili. Mimi nilikasirikia muuzaji wa Nyali kwa kunionyesha injini iliyokwisha kupashwa moto, na wakati huohuo nyumbani mama alikuwa ananiona saa tisa mchana tu. Nyinyi pia. Mkoba mgongoni, picha na ufunguo, tabasamu. Sisemi kila mtu aanike maisha yake mtandaoni, hapana. Lakini mtu anayeweka pesa yake kwako, au imani yake, ana haki ya kukuona asubuhi.

Gari sikuiuza. Ilikaa chini ya mwarobaini miezi mitano, fundi akiifungua kadiri nilivyokuwa namlipa: leo gasketi, mwezi ujao ringi. Nilifanya kazi ya kuhesabu stoku kwenye duka moja, nikapiga picha za harusi, nikauza kamera yangu moja. Saa hizi binamu yangu anaiendesha. Kompreshoni inasoma 170 na kitu kwenye silinda zote nne. Deni la mama lilikuwa 120,000, nimerudisha 45,000. Chuo sijarudi, na hatujamaliza kuliongea hilo. Kila nikipiga stata alfajiri, mama huchungulia kwanza nyuma ya gari, kisha ndo anageuza mahamri.

Yule kaka wa Utange bado tunaongea. Hakuninunulia, na sikutarajia. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti saa kumi na moja na dakika hamsini asubuhi, yuko nje ya lango la muuzaji mwingine, jogoo wanawika nyuma yake. Nasikia mtu anamwambia kwa usingizi kwamba ni mapema sana, arudi mchana akiwa na nafasi.

Naye anajibu, kwa upole kabisa: "Hapana mzee. Wewe lala tu. Mimi nitangoja hapa hapa, bora usiiwashe."